Chema Hakijiuzi Gizani

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu tukiwa wanafunzi wa shule ya msingi tulifunzwa methali hii, tukaiandikia insha, na sisi tuliojaliwa kuwa walimu tukawafunza wengine. Maana yake haina utata: kitu chenye thamani hakihitaji kupigiwa debe. Hata hivyo, msomaji mpendwa, leo naomba ruhusa yako niihoji methali hiyo kidogo. Siihoji kwa kuwadharau waliotutangulia, bali kwa sababu ya jambo nililolishuhudia huko Matulo, ambalo hadi sasa limeninyima raha.

Matulo ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Webuye Magharibi, katika Kaunti ya Bungoma. Wasioijua sana hukumbuka tu kwamba pana uwanja mdogo wa ndege. Lakini si mahali palipojificha. Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Malaba hupitia Webuye, na hapo hapo Webuye ndipo barabara itokayo Kisumu na Kakamega inapoelekea Kitale hadi Lodwar. Mgeni wa Bungoma, wa Kitale, wa Kakamega na wa Eldoret wote waweza kufika huko na kurudi kwao siku iyo hiyo.

Mwalimu mmoja niliyefundisha naye miaka mingi, mzaliwa wa sehemu hizo, alikuwa akimwoza bintiye. Binti huyo na mchumba wake hufanya kazi Doha, na kama ilivyo desturi ya vijana wa siku hizi, waliipanga arusi yao wakiwa huko huko ughaibuni, kwa simu. Si mbali na nyumbani kwa mwenzangu huyo pana ukumbi mzuri, wenye bustani pana na miti ya kivuli, uliojengwa kwa jasho la familia moja iliyouza ng'ombe na kukopa fedha ili kuusimamisha. Nami nilidhani bila shaka kwamba arusi ingefanyika hapo. La ajabu ni kwamba siku ilipowadia tulipakiwa katika mabasi mawili, tukasafirishwa hadi Eldoret. Njiani tulipita mbele ya ukumbi ule. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa ameketi kitini peke yake, akatupungia mkono.

Jioni nilimwuliza bibi arusi, "Mwanangu, mbona mmetuvusha mito yote hii ilhali pale nyumbani pana ukumbi?"

Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, tulitafuta sana. Kule kwetu hakuna ukumbi."

"Hakuna? Mbona tumeupita leo asubuhi?"

"Kwenye simu haupo, Mwalimu. Sisi tulikuwa na simu tu."

Nilipofika nyumbani nilitwaa simu yangu nikautafuta mwenyewe. Nilichokiona ni picha moja ya lango, iliyowekwa na mpita njia miaka mingi iliyopita. Nambari ya simu ambayo haikupatikana nilipoipiga. Na alama kwenye ramani iliyouonyesha ukumbi kuwa katikati ya shamba la miwa. Hapo nikatambua kwamba bibi arusi hakukosea. Kwa mtu aliye Doha, au hata aliye Nairobi, ukumbi ule haukuwapo.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya wafanyabiashara, yasiyotuhusu sisi watu wa chaki na madaftari. Naomba atafakari ni nani aliyepoteza siku ile. Mwenye ukumbi alipoteza, ndiyo. Lakini pia walipoteza akina mama wapishi wa kijiji kile, na mkodishaji wa viti na mahema, na mfugaji wa kuku, na mkulima wa mboga, na vijana wa bodaboda, na fundi wa vipaza sauti. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi wetu. Fedha zilizovuka hadi Eldoret Jumamosi moja zingeweza kuwa karo ya watoto kadhaa. Mji jirani haukufanya kosa lolote. Ulikuwa umejieleza tu, na wetu ulikuwa umenyamaza.

Turudi kwenye methali yetu. Wahenga waliposema kwamba chema chajiuza, walikuwa na soko mbele ya macho yao. Sokoni, ndizi mbivu huonekana, hunukia, huguswa. Mnunuzi huipita mbovu akaichagua nzuri bila kuambiwa na mtu. Yaani chema kilijiuza kwa sababu kilikuwa kimeanikwa juani mbele ya watu. Methali haikusema kwamba ndizi nzuri iliyofungiwa ghalani nayo itajiuza. Leo soko la kumbi, hoteli na viwanja vya sherehe limehamia mtandaoni, na asiyeanika bidhaa yake huko ameifungia ghalani, hata ikiwa njema kiasi gani.

Sasa basi, kuanika huko hufanywaje? Wapo wanaoamini kwamba ni uchawi wa wataalamu wa Nairobi wanaolipwa mamilioni. Sivyo. Kampuni ya Google, ambayo watu wengi huitegemea kutafuta mahali, imeeleza hadharani kwamba huzingatia mambo makuu matatu inapoamua ni mahali gani pa kumwonyesha mtafutaji kwanza. La kwanza ni iwapo maelezo ya mahali hapo yanaafikiana na kile kinachotafutwa. La pili ni umbali. La tatu ni umaarufu, yaani jinsi mahali hapo panavyotajwa na kusifiwa na wengine. Umbali hatuwezi kuubadilisha. Matulo ipo pale ilipo. Lakini maelezo yamo mikononi mwetu, na umaarufu hujengwa kidogo kidogo. Isitoshe, kuandikisha biashara kwenye ramani ya kampuni hiyo hakutozwi ada yoyote. Mwenye mahali hudai umiliki, huthibitisha kwamba ndiye, kisha huandika. Kumbe kazi kubwa kabisa ni kuandika, na kuandika ndiyo kazi yetu sisi tusomao safu hii.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina ndilo mlango. Katika pande zetu mahali pamoja huwa na majina mengi. Mji wa Webuye wenyewe uliitwa Broderick Falls wakati wa ukoloni, kwa ajili ya maporomoko ya Mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Mzee aliyeondoka nchini zamani, au mjukuu wa mmisionari anayetaka kuuona mji aliosimuliwa na babu yake, aghalabu atatafuta kwa jina la kale. Kule Kitale, makumbusho ya mji huo yalichipuka kutokana na makumbusho ya binafsi ambayo Kanali Stoneham aliyaanzisha mwaka 1926. Yalipofunguliwa mjini humo mwaka 1974, yakiwa ya kwanza nchini kufunguliwa bara, yaliitwa Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya, na leo watu wengi huyaita Makumbusho ya Kitale tu. Tazama majina yalivyo mengi kwa mahali pamoja! Mwenye ukumbi mwenye busara huchagua jina moja, akaliandika vilevile kila mahali, kwenye ubao, kwenye risiti na kwenye ramani, kisha katika maelezo akataja majina mengine yote ambayo watu huyatumia.

Tahajia nayo ina mitego yake. Sang'alo ya Bungoma huandikwa kwa king'ong'o, lakini mtu aliye na haraka kwenye simu huiacha alama hiyo akaandika Sangalo. Anayejua hivyo ataziweka zote mbili. Lugha pia. Mtu wa Mombasa au wa Dodoma huenda akatafuta "ukumbi wa arusi", mwingine akaandika "harusi", na mwingine akatumia Kiingereza kitupu. Kumbi zetu nyingi zilizomo mtandaoni zimejieleza kwa Kiingereza pekee, tena cha kunakili. Waama, ni kitu cha kuhuzunisha kwamba lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu haitumiwi hata kuwaambia watu hao mahali pa kusherehekea.

Baada ya jina ni njia. Vijijini kwetu nyumba hazina nambari na vijia havina vibao. Tukimwelekeza mgeni twamwambia apite mti mkubwa, akate kushoto penye posho mill, kisha aulize. Mgeni wa leo haulizi. Hufuata ramani ya simu, nayo ikikosea humpeleka kwenye miwa. Ndiyo maana alama ya mahali haina budi kuwekwa na mtu aliyesimama penyewe, langoni hasa.

Katika hili Kenya ina fundisho lake lenyewe, na halikutoka kwa matajiri. Mwaka 2009 kundi la vijana 13 wa Kibera, jijini Nairobi, walianza kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote duniani huruhusiwa kuichangia. Kabla ya hapo mtaa huo mkubwa, wenye watu chungu nzima, ulikuwa karibu pengo tupu katika ramani zilizokuwapo. Vijana hao walitembea vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakaandika shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji. Mradi huo ulijulikana kama Map Kibera, na ukasifika mbali. Hawakungoja serikali wala wahisani waje kuwaambia dunia kwamba Kibera ipo. Ikiwa vijana wa Kibera waliweza kuuchora mtaa mzima, je, sisi tutashindwa kuuchora ukumbi mmoja na kijia chake?

Likija suala la maelezo, hapo ndipo ninapoona watu wakipotea zaidi. Huandika: "Ukumbi wa kifahari wenye huduma za hali ya juu." Maneno hayo hayana habari yoyote. Mtu anayepanga arusi, harambee, semina au matanga hataki sifa, anataka kujua. Ukumbi wachukua watu wangapi wakiwa wameketi, na wangapi bustanini chini ya mahema? Mna vyoo vingapi, na maji hutoka bombani au kisimani? Umeme ukikatika, jenereta ipo? Magari mangapi yaweza kuegeshwa? Mvua ikinyesha, basi laweza kufika langoni bila kukwama? Bibi kizee au mlemavu wa miguu aweza kuingia bila kubebwa? Je, mpishi wa nje huruhusiwa? Bei ni kiasi gani, na malipo ya awali hurudishwa iwapo sherehe imeahirishwa? Anayejibu maswali haya kwa ukweli amekwisha kuwapita washindani wake wengi, maana majibu hayo ndiyo maneno yenyewe ambayo watu huyaandika wanapotafuta.

Nasisitiza ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mtandaoni imezidi kufupika. Ukumbi unaochukua watu 200 ukiandikwa kuwa wachukua 500, utafurika siku moja tu, na wageni 300 walioachwa juani ndio watakaouandikia sifa zake. Picha nazo ziwe za mahali penyewe, zilizopigwa mchana kweupe, pamoja na choo na maegesho, si za bustani iliyoibwa kutoka nchi nyingine. Tena zisipigwe ukumbi ukiwa mtupu tu. Lakini hapa pana onyo kubwa nitakalolirudia.

Vilevile maoni ya wateja. Umaarufu niliokwisha kuutaja hujengwa hasa na watu waliofika, wakaridhika, wakaandika. Wengi wetu tuna haya ya kuomba. Mteja aliyefurahi akiombwa kwa adabu kabla hajaondoka, aandike maneno mawili matatu, hatakataa. Lakini kununua maoni, au kuwakusanya jamaa wasiowahi kufika wausifu ukumbi, ni udanganyifu, tena kanuni za Google zenyewe zaukataza. Na yule atakayelalamika asitukanwe. Ajibiwe hadharani kwa unyenyekevu, aombwe radhi penye kosa, aelezwe kilichorekebishwa. Msomaji wa tatu, anayetazama kimya kimya kutoka mbali, huvutiwa na jibu la kiungwana kuliko nyota tano zisizo na maelezo.

Sasa onyo. Picha ya sherehe ni picha ya watu, na watu wana haki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo ina meno. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo mahali pamoja pa burudani palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa ukumbi wa kijijini, faini ya namna hiyo ni mazishi. Basi mwenye ukumbi aombe idhini kwa maandishi, na penye mtoto aombe kwa mzazi. Penye shaka, apige picha ya viti, maua na meza.

Nimewaandikia walimu na wanafunzi haya kwa makusudi. Hebu tujiulize: katika vijiji vyetu, kumbi kubwa kabisa ni za nani? Ni za shule. Bwalo la shule ya upili, uwanja wake wa michezo na mabweni yake wakati wa likizo ndivyo hupokea semina, mashindano ya muziki na drama, mikutano ya kanisa na harambee. Shule inayokodisha bwalo lake wakati wa likizo, kwa idhini ya bodi yake na bila kuyadhuru masomo, hupata fedha za kununulia vitabu. Nayo shule pia haionekani. Kuna anwani za tovuti zinazoishia kwa .sc.ke, zilizotengewa shule zetu za Kenya, na shule ngapi za mashambani zinazo?

Isitoshe, mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 umeuhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwanafunzi apaswa kuupata. Wengi wetu tumeufundisha kama somo la kutaja sehemu za kompyuta. Kwa nini mwalimu wa Kiswahili asiwape wanafunzi insha ya maelezo juu ya bwalo la shule yao, wakapima urefu wake kwa hatua, wakahesabu viti, wakaandika njia ya kufika kutoka stendi ya Webuye? Kwa nini wa Jiografia asiwafunze kuweka alama sahihi kwenye ramani? Kwa nini wa Historia asiwaongoze kutaja yaliyo jirani, kama maporomoko ya Nabuyole, au kilima cha Chetambe ambapo Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895? Mgeni aliyekuja kwa semina ya siku mbili akijua kwamba kilima hicho kipo karibu, huenda akakaa siku ya tatu. Insha zilizo bora zaidi zitasahihishwa, zitaunganishwa, na kuwekwa mtandaoni na mwalimu, bila majina wala picha za watoto. Mwanafunzi ataandika, kwa mara ya kwanza, kitu ambacho msomaji wake si mtahini.

Lipo jambo moja dogo ambalo nimeliona likiharibu kazi njema. Mwalimu kijana hufungua ukurasa wa shule kwa barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analolijua peke yake. Baada ya mwaka mmoja huhamishwa, na ukurasa huhama naye. Nambari ya simu hubadilika, hakuna awezaye kuirekebisha, na mahali hapo hurudi gizani. Akaunti iwe ya shule au ya ukumbi, na funguo zake zihifadhiwe ofisini kama zinavyohifadhiwa funguo za ghala.

Wapo watakaoniuliza: je, si afadhali kukaa kimya kuliko kujianika kwa walaghai? Ni swali la haki. Lakini ukimya ndio huwaalika walaghai. Pengo mtandaoni halibaki pengo. Mtu yeyote aweza kuandika jina la ukumbi wako, akaweka nambari yake ya simu, na kupokea malipo ya awali ya arusi isiyokuwapo. Mwenye mahali asipojieleza, mwingine atamweleza, na si lazima awe mtu mwema.

Juni 1, 2024, Kenya nzima iliitazama Bungoma, sherehe za Madaraka zilipofanyika katika Uwanja wa Masinde Muliro huko Kanduyi. Siku kama hiyo haiji kila mwaka. Lakini kila Agosti ya mwaka shufwa, wakati wa tohara ya Wabukusu, na kila Desemba, watoto wa pande hizi hurudi kutoka Nairobi, Mombasa, Doha na London. Wote hutafuta mahali pa kulala, pa kukutania na pa kusherehekea, na wote huanzia kwenye simu. Je, tumejiweka huko?

Nilimpelekea mwenye ukumbi ule wa Matulo maelezo haya yote, naye akanipokea vyema. Mwanawe wa kidato cha tatu ndiye aliyesimama langoni na simu, akaiondoa alama kutoka kwenye miwa akaileta pale pahusikapo. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, tuandike nini sasa?" Nikamwambia aandike ukweli wote, kama anavyoandika insha ambayo amekusudia kuipata alama ya juu.

Chema chajiuza, wahenga hawakukosea. Lakini kwanza kitolewe ghalani.